Kuwaka na Kuamka: Historia ya Sekunde za Mwanzo za Linux Katika Vyombo Vidogo

Fundi wa simu au wa kompyuta katika miji ya Afrika ya Mashariki, akiletewa chombo kisichofanya kazi, aghalabu huambiwa neno moja tu: kimegoma kuwaka. Neno hilo latosha kwa taa na kwa pasi. Kwa kompyuta halitoshi, maana chombo chaweza kuwaka kisiamke. Umeme umeingia, taa yake ndogo yang'aa, chipu imeanza kupata joto, lakini mfumo uliokusudiwa kukiongoza haujapakiwa, wala chombo hakijijui kuwa ni ruta, au ghala la mafaili, au ubao wa mwanafunzi. Baina ya kuwaka na kuamka pana muda mfupi, mara nyingine sekunde mbili, mara nyingine tano, na katika muda huo programu moja ndogo hufanya kazi peke yake: huitayarisha memori, hukitafuta kiini cha mfumo mahali kilipohifadhiwa, hukipakia, kisha hukikabidhi madaraka yote na kutoweka. Mafundi huiita butiloda.

Jina lenyewe lilianza kwa mzaha wa Kiingereza juu ya mtu anayejaribu kujiinua kutoka ardhini kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe. Mzaha huo waifaa kompyuta, kwani haiwezi kupakia programu yoyote pasipo programu ya kupakia, na hiyo nayo sharti ipakiwe. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kulipokea buti la askari zamani. Hili la pili limeingia kwa mlango ule ule, ingawa halina kisigino.

Historia ya Linux katika vyombo vidogo kwa kawaida huandikwa kama historia ya kiini: nani aliandika sehemu ipi, na katika toleo lipi. Hiyo ni historia ya chombo kilichokwisha kuamka. Mambo yaliyotokea kuanzia mwisho wa karne ya ishirini yaonyesha jambo jingine. Watu waliofaulu kuweka mfumo wa Linux ndani ya vyombo walivyovinunua, na waliofaulu kuvifufua vilipokufa, hawakufaulu kwa ujuzi peke yake. Walifaulu kwa sababu ya sekunde chache ambazo mtengenezaji aliziacha wazi, pengine kwa makusudi, pengine kwa kusahau. Na pale zilipofungwa, ujuzi mwingi haukufaa kitu.

Mashine za kale hazikuwa na tatizo hili kwa sura yake ya sasa. Katika PDP-8, iliyotoka mwaka 1965, mwendeshaji aliingiza kwa mkono, swichi baada ya swichi, maagizo machache yaliyotosha kuusoma utepe wa karatasi, na utepe ndio ulioleta yaliyobaki. Akikosea, aliyekosea alikuwa amesimama papo hapo, kidole kingali juu ya swichi. Kompyuta za mezani zilipokuja ziliiweka kazi hiyo ndani ya chipu na kumwondolea mtu mzigo, lakini zilimwondolea pia macho: kosa la mwanzo likawa jambo linalotokea gizani.

Mfano mwema wa namna giza hilo lilivyopunguzwa ni LILO, butiloda ambayo Werner Almesberger alianza kuitoa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya Linux yenyewe kutangazwa. Sehemu ya kwanza ya diski, ambamo hatua ya kwanza ya programu hiyo ilibidi ienee, ina baiti 512 tu, na katika nafasi hiyo hapana mahali pa kueleza kosa kwa sentensi. Almesberger alilifanya jina la programu kuwa ndiyo taarifa. Kila hatua inapokamilika, herufi moja ya jina huandikwa katika skrini. Pasipo herufi yoyote, programu haikufikiwa kabisa. Ikionekana L peke yake na namba kando yake, hatua ya kwanza imeanza lakini haikuweza kuisoma ya pili. LI maana yake hatua ya pili imepakiwa lakini haikuweza kuendeshwa. LIL, imeanza lakini imeshindwa kuisoma ramani ya mafaili yake. Jina likitimia, mambo ni salama. Watumiaji wengi wa miaka ya tisini walijifunza kuzisoma herufi hizo kama mganga asomavyo ulimi wa mgonjwa, na si wachache waliodhani kwamba LI ni neno la lugha fulani.

Fundisho la LILO lilikuwa kwamba mashine isiyoweza kusema kosa lake yaweza kusema angalau mahali ilipofika. Vyombo vidogo vililichukua fundisho hilo, lakini havikuweza kuichukua LILO yenyewe, maana hiyo iliitegemea BIOS, programu ya kudumu inayopatikana katika kompyuta za mezani na ambayo huwa imekwisha kuitayarisha memori kabla ya butiloda kufika. Katika ruta au saa ya kiwandani hapana BIOS. Umeme unapoingia, RAM iliyo nje ya chipu haijui hata nyakati zake za kusomwa. Butiloda huanza kuendeshwa moja kwa moja kutoka katika flashi, huipangia RAM nyakati hizo, ndipo hujinakili humo na kuendelea. Namba moja ya nyakati hizo ikikosewa, chombo huweza kuamka mara tisa na kugoma ya kumi, na hapana kosa linalomchosha fundi kuliko hilo.

Kila kundi lililoiingiza Linux katika chipu mpya lililazimika basi kuandika butiloda yake. Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, Jan-Derk Bakker na Erik Mouw waliandika mwaka 1999 programu iitwayo blob kwa ajili ya ubao wa LART. Mwaka huo huo Magnus Damm alikuwa ameandika 8xxROM kwa chipu za PowerPC. Wolfgang Denk, mhandisi wa Ujerumani, aliichukua kazi ya Damm akaipeleka mwaka 2000 katika ghala la SourceForge, ambalo halikukubali jina la mradi linaloanza na tarakimu. Ndiyo sababu ikaitwa PPCBoot. Mwezi wa Novemba 2002, baada ya kuunganishwa na tawi lililokuwa limeandikiwa chipu za ARM, jina lilibadilishwa tena kuwa U-Boot. Herufi ya kwanza ilikusudiwa kumaanisha kuwa yafaa kwa chipu zote, lakini Denk na wenzake waliitia kijineno cha Kijerumani mbele yake, Das U-Boot, ili isikike kuwa ni nyambizi. Denk alifariki mwaka 2022, na programu hiyo yaendelea kuwa butiloda iliyoenea kuliko nyingine zote za aina yake katika vyombo vya Linux vilivyo vidogo.

Jambo alilolifanya Denk lililo kubwa kuliko jina ni kule kuhesabu. U-Boot inapoamka huandika katika waya wa siriali kwamba mtu akibonyeza kitufe chochote itasimama, kisha huhesabu sekunde kwa kurudi nyuma hadi sifuri. Mtu akibonyeza, hupata mahali pa kuandika amri: aweza kuitazama memori, kuleta kiini kingine kwa mtandao, kufuta sehemu ya flashi na kuiandika upya. Asipobonyeza, chombo huendelea na safari yake. Hicho ndicho kipindi ambacho uhai wa chombo ulikuja kukitegemea.

Thamani yake ilidhihirika kwanza pale kilipokuwa chembamba mno. Katika mwaka 2000 watafiti wa maabara ya Compaq katika mji wa Cambridge, Massachusetts, waliiweka Linux katika iPAQ, kompyuta ya kiganjani iliyokuwa na flashi ya megabaiti 16 na RAM ya megabaiti 32. Waliiandikia butiloda iitwayo bootldr, na kazi yao ikapatikana kwa watu wote katika mahali palipoitwa handhelds.org. Usakinishaji wenyewe haukuwa mgumu. Mwenye chombo alihifadhi kwanza nakala ya flashi nzima, akaifuta sehemu ya mwanzo iliyokuwa na butiloda ya kiwandani, akaiandika ile mpya, kisha akaupeleka mfumo wote kwa waya wa siriali. Lakini baina ya kufuta na kuandika kulikuwa na muda ambao chombo hakikuwa na mwanzo wowote. Betri ikiisha hapo, au mtu akikishtua chombo kikazimika, hapakubaki programu ya kupokea wala amri wala faili. Maelekezo ya siku zile yalilirudia onyo hilo kwa ukali, na onyo halikutiwa chumvi. Wenye lugha ya Kiingereza walikwisha kukiita chombo cha namna hiyo tofali, kwa sababu kazi iliyosalia ni kuzuia karatasi zisipeperuke.

Tofali hilo liliweza kuamshwa kwa njia moja. Mwaka 1990 wahandisi walikuwa wamekubaliana juu ya kanuni iitwayo JTAG, iliyokusudiwa kuvipima viungo vya ubao kiwandani. Kwa nyaya chache zilizounganishwa na chipu kuu, mtu aweza kuisimamisha chipu, kuziongoza pini zake kana kwamba ni zake mwenyewe, na kuiandika flashi biti kwa biti. Mwendo wake wategemea kebo iliyotumika. Kwa kebo za bei ndogo, zilizofungwa na rezista nne za ohmu 100 na kuchomekwa katika tundu la printa, kuirudisha flashi ya megabaiti nne kulichukua saa nyingi. Walakini ulikuwa mlango usiofungika kwa programu mbovu, kwa kuwa haukutegemea programu yoyote ya chombo.

Kisa kilichowafunza watu wengi zaidi ni cha ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka mwezi wa Desemba 2002. Mnunuzi hakuambiwa kwamba ndani yake mlikuwa na Linux. Mwezi wa Juni 2003 Andrew Miklas aliwaandikia wasanifu wa kiini kwamba programu ya ruta hiyo ilikuwa imejengwa kwa kazi yao, ambayo leseni yake yamtaka mwenye kuisambaza aitoe na matini yake ya asili. Cisco, iliyokuwa imekwisha kuinunua Linksys, iliitoa matini hiyo mwezi wa Julai. Mwezi wa Januari 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, uliokusudia kuifanya ruta kuwa kompyuta ya Linux kamili, ijapokuwa ni yenye flashi ya megabaiti nne na RAM ya megabaiti 16.

Matini ya asili hata hivyo haikumfungulia mtu mlango wa sekunde za mwanzo. Aliyeandika mfumo wenye kasoro ndani ya ruta yake alikuwa na kitu kisichojibu mtandao, na mtandao ndio ulioandikia. Wokovu ulipatikana katika neno moja lililofichwa miongoni mwa mipangilio ya ruta: boot_wait. Likiwekwa kuwa ndiyo, butiloda husubiri sekunde chache kila mara umeme unapoingia, ikiwa na anwani 192.168.1.1, na iwapo mtu ataipelekea faili la mfumo kwa itifaki ya TFTP, italipokea na kuliandika. Ruta nyingi zilitoka dukani zikiwa na neno hilo limewekwa kuwa hapana, wala ukurasa wa mipangilio haukuwa na mahali pa kuligeuza. Lakini ukurasa mmoja wa ruta hiyo, uliowekwa ili mtu apime kama anwani fulani yajibu, ulikuwa na kasoro: alichoandika mtu katika kisanduku cha anwani kiliweza kuendeshwa na mfumo kama amri, kwa mamlaka yote. Watu waliitumia kasoro hiyo kuligeuza boot_wait. Hivyo tundu la usalama, ambalo mtengenezaji alikuwa na kila sababu ya kuliziba na hatimaye akaliziba, ndilo lililowapatia maelfu ya watu njia ya kurudi. Si haki kulisifu tundu. Lakini ni kweli pia kwamba neno lile lingalikuwa limewekwa kuwa ndiyo tangu kiwandani, hapangalikuwa na haja ya tundu.

Hata boot_wait ikiwa tayari, wengi walishindwa mara kwa mara bila ya kujua sababu, na sababu haikuwa ndani ya ruta. Ruta ikizimwa na kuwashwa, kompyuta iliyounganishwa nayo kwa kebo moja kwa moja huona kwamba kebo imekufa, kisha imefufuka, na huchukua muda kujipanga upya. Muda huo ndio huo huo ambao butiloda ilikuwa ikisubiri. Faili lilifika mlangoni mlango ukiwa umekwisha kufungwa. Dawa yake ilikuwa kuweka swichi ya mtandao baina ya vyombo viwili, ili kompyuta isione kukatika. Kwa aliyekuwa na ruta isiyo na boot_wait kabisa, palibaki hila ya kuzigusanisha kwa ncha ya bisibisi pini ya 15 na ya 16 za chipu ya flashi wakati umeme unaingia. Butiloda ikisoma mfumo ulioharibika kwa mguso huo hukuta hesabu ya uhakiki hailingani, hukataa kuupakia, na kwa kukosa la kufanya huanza kusubiri TFTP. Hila hii iliponya ruta nyingi na kuua nyingine, na aliyeitumia pini zisizo zenyewe hakuwa na wa kumlaumu.

Mwishoni mwa mwaka 2005 toleo la tano la WRT54G lilitoka na mfumo mwingine, VxWorks, na memori ikapunguzwa nusu: flashi ya megabaiti mbili, RAM ya nane. Kwa waliotaka Linux, Linksys ilitoa mwaka huo huo WRT54GL, yenye memori ya awali. Jambo hili laonyesha kwamba watu waliokuwa wakipapasa pini kwa bisibisi walikuwa wamekwisha kuwa wanunuzi wa kuhesabiwa.

Chombo kingine cha kampuni hiyo, NSLU2 cha mwaka 2004, kilikuwa ghala dogo la diski lenye RAM ya megabaiti 32 na flashi ya megabaiti nane, lisilo na skrini. Butiloda yake, RedBoot, ilijibu katika anwani 192.168.0.1 kwa muda wa sekunde mbili hivi, na katika muda huo mtu aliweza kuingia kwa telnet na kuisimamisha kwa kubonyeza Ctrl na C. Debian toleo la nne, la mwaka 2007, lilikuwa na msakinishaji wa chombo hiki, na jinsi alivyofanya kazi ni ya kukumbukwa. Kwa kuwa hapakuwa na skrini, mtu aliandika programu ya usakinishaji ndani ya flashi, akakiacha chombo kiamke, kisha akaingia kwa mtandao na kujibu maswali akiwa mbali. Lakini kiunganishi cha mtandao cha chipu ya Intel kilihitaji maikrokodi ambayo leseni yake haikuiruhusu Debian kuisambaza. Picha rasmi ya msakinishaji ilikuwa basi haina mtandao, katika chombo kisichoweza kusakinishwa ila kwa mtandao. Ikabidi picha nyingine, isiyo rasmi, itolewe kando.

Chombo hicho hicho chatoa mfano wa kosa la ndani zaidi. Kiini cha Linux cha chipu za ARM, katika miaka hiyo, kilitaka butiloda ikiambie kiko katika ubao gani, kwa kuweka namba katika rejista ya kwanza baada ya rejista sifuri. Namba hizo zilitolewa katika daftari lililosimamiwa na Russell King, na kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimepita 3000. NSLU2 ilipewa 597. RedBoot ya kiwandani haikuijua namba hiyo, ikapeleka isiyo yake, na kiini kikaamka kikijidhani kuwa katika nyumba nyingine. Badala ya kuigusa butiloda, ambayo kuiandika upya ni hatari, mafundi walitia maagizo mawili mbele ya kiini chenyewe: la kwanza laweka 512 katika rejista, la pili laongeza 85. Baiti nane zilitosha kuurekebisha ushahidi wa uongo.

Mahali palipowatesa watu zaidi ni pale butiloda imekwisha kumaliza kazi na kiini hakijaanza kusema. Mstari wa mwisho ulioonekana katika siriali ya vyombo vya ARM ulikuwa “Uncompressing Linux... done, booting the kernel.”, na baada yake kimya. Mstari huo una ahadi ndani yake, na anayeusoma kwa mara ya kwanza hungoja. Kimya hicho kina sababu nyingi zisizofanana: namba ya ubao si yake, kiini kimefunguliwa juu ya mahali palipokuwa na data iliyohitajika, memori imeelezwa kuwa kubwa kuliko ilivyo. Au hapana kosa lolote, na kiini kimeamka na kinasema, ila kinasemea katika tundu jingine.

Sababu hii ya mwisho ilionekana wazi mwezi wa Januari 2011, kiini cha 2.6.37 kilipotoka. Katika bao zilizotumia chipu za OMAP, kama vile BeagleBoard ya mwaka 2008, tundu la siriali lilikuwa likiitwa ttyS2. Toleo hilo lilileta kiendeshi kipya kilicholiita ttyO2, kwa herufi O badala ya S. Mipangilio ya butiloda, iliyokaa katika chombo tangu zamani, iliendelea kukiambia kiini kisemee ttyS2, mahali pasipokuwapo tena. Mashine zilizokuwa nzima zilinyamaza, na wenye nazo wakatafuta ubovu katika flashi, katika kadi, na katika umeme. Wengine waliisoma herufi mpya kuwa tarakimu sifuri, wakaiandika hivyo, na kimya kikaendelea. Miaka michache baadaye bao hizo zilirudishiwa kiendeshi cha kawaida chenye S, na ikabidi kiini kitiwe hiari ya kulitambua jina la O ili waliokwisha kujirekebisha wasinyamaziwe mara ya pili.

Kwa kimya cha kweli palikuwa na njia ambayo yastahili kutajwa kwa ustadi wake. Kiini kinapoandika taarifa zake huziweka kwanza katika sehemu ya memori, kabla ya kupata tundu la kuzitolea. Kikifa, maneno hubaki humo. Fundi hukianzisha chombo tena bila ya kuukata umeme, maana RAM hupoteza kila kitu umeme ukikatika. Humkatiza U-Boot katika hesabu yake. Hutafuta katika orodha ya anwani iliyotolewa wakati kiini kilipojengwa mahali ilipo sehemu hiyo. Hubadilisha anwani ya kinadharia kuwa ya kweli. Kisha huiamuru butiloda imwonyeshe memori hiyo. Herufi hujitokeza kando ya tarakimu, na humo yasomwa kiini kilikuwa kikisema nini kilipokata roho. Bila ya zile sekunde za kuhesabu, wosia huo usingesomwa na mtu.

Wataalamu wa lugha wana sababu yao ya kukiangalia kipindi hiki. Katika mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Kazi hiyo ilihusu chombo kilichokwisha kuamka. Taarifa za kiini chenyewe hazitafsiriwi katika lugha yoyote, na za butiloda huandikwa kwa Kiingereza kifupi mno, maneno na namba zikichanganyika. Msomaji wa Kiingereza fasaha hafaidiki nazo sana kuliko msomaji wa Kiswahili. Wote wawili hujifunza LI, au herufi C inayojirudia katika siriali ya BeagleBone ya mwaka 2011 pale chipu ilipokosa butiloda na sasa yaomba ipelekewe kwa waya, kama mambo yasiyo ya lugha ya mtu yeyote.

Mwaka 2011 huo huo Linus Torvalds alilalamika hadharani juu ya vurugu ya msimbo wa ARM, na namba za ubao zikaanza kuachwa. Mahali pake pakachukuliwa na faili linalouelezea ubao wote, liitwalo mti wa vifaa, ambalo butiloda hukipa kiini. Uongo wa namba ukaisha, na makosa ya mti uliopitwa na wakati yakaanza.

Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, haihitaji maneno mengi, kwa sababu iliondoa hofu ya zamani kwa hila nyepesi. Ndani ya chipu yake, sehemu ya picha ndiyo iamkayo kwanza, na huisoma butiloda kutoka katika kadi ya SD. Kadi ikiharibika huandikwa upya katika kompyuta nyingine, na ubao hauwezi kuwa tofali kwa kosa la mwanafunzi. Taa yake ilifunzwa kusema: ikimulika mara nne, faili la start.elf halikupatikana, mara saba, kiini hakikupatikana. Ni LILO imerudi, bila ya herufi. Tangu Pi ya nne, ya mwaka 2019, butiloda imehamishiwa katika chipu ya ubaoni, ingawa njia ya kuiandika upya kwa kadi imebakishwa.

Wakati mlango huo ukifunguliwa kwa wanafunzi, mwingine ulikuwa ukifungwa. Virekodi vya televisheni vya TiVo vilikuwa vimetumia Linux tangu mwaka 1999, na butiloda yake ikaja kukikataa kiini kisicho na saini ya kampuni. Matini ya asili ilitolewa kama leseni ilivyotaka, ila aliyeirekebisha hakuweza kuiendesha katika chombo alichokilipia. Toleo la tatu la leseni ya GPL, la mwezi wa Juni 2007, liliandikwa kwa sehemu ili kulizuia jambo hilo, lakini kiini cha Linux kilibaki katika toleo la pili. Mwezi wa Agosti 2016, katika mapatano na idara ya mawasiliano ya Marekani juu ya ruta zilizopita nguvu za redio zilizoruhusiwa, TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 na pia kuchunguza namna ya kuruhusu mifumo ya watu wengine katika ruta zake, ambazo ilikuwa imeanza kuzifunga.

U-Boot yenyewe iliongezewa mwaka 2013 uwezo wa kukagua saini ya kiini kabla ya kukipakia. Chombo hicho si kibaya. Mwenye mashine ya hospitali au ya benki ana haki ya kutaka asiingiliwe, na yote yategemea ni nani anayeushika ufunguo. Hali kadhalika ile hesabu ya Denk haikuondolewa. Hupangwa kwa namba moja, bootdelay, ambayo mjenzi wa chombo huiweka apendavyo. Tatu ni sekunde tatu. Sifuri huondoa kungoja, ingawa kitufe kilichokwisha kubonyezwa chaweza kutambuliwa. Hasi mbili maana yake chombo kisingoje, wala kisiangalie kama kuna mtu aliyebonyeza.